Gare ya Feza

Hii hadithi Speciose njo alinipatia, ule jirani yetu Mnyarwanda, siku moja tunachambua maharagi. Nyumba yake na nyumba ya bale benye hadithi zilikuwa ukuta kwa ukuta. Aliona na macho yake.

Hapa hapa mu kambi ya Dzaleka kulikuwa bwana moja wa Kindu, Amissi, na bibi yake Feza. Baba ya Amissi alitumikaka ku gari la moshi kule Kindu, njo maana mwana alipenda mchezo moja mu telefone. Unatandika reli, unajenga gare, ni kusema stesheni, unatuma treni zibebe bantu. Kila gare anaipatia jina: Kindu, Kibombo, Kongolo, jina ya mama yake, hata jina ya Charlène, ule muuza mandazi. Ile ilimuchoma Feza.

"Charlène iko na gare, mi niko na nini? Masufuria?"

"Ah, Mama, ni mchezo tu," Amissi akamujibu.

"Basi tia jina yangu. Sasa hivi."

Amissi akaandika Feza. Telefone ikakatala: ile jina imekwisha kutumika. Bakatafuta. Pembeni kabisa ya kioo, kwenye Amissi hajafikisha reli, kulikuwa gare inaitwa Feza. Mutu moja alikuwa anangoja treni. Mwanamuke.

Amissi akacheka. "Si uone, uko nayo tayari!"

Feza hakucheka. "Uyu ni Feza gani? Uko na Feza mwingine, ee Baba?"

Tangu ile siku, kila mchana, nyumba ikaanza kunuka makala na mafuta ya mashini, na kitu kinapiga filimbi mbali. Na hapa Dzaleka reli haiko. Lakini Feza hakuogopa. Alisema ni marashi ya mukewenza.

Siku moja Amissi akaenda Lilongwe, Area 23, kutafuta sabuni ya kuuzisha. Telefone akaiacha ku chaji. Feza akaifungua. Ule mwanamuke alikuwa angali anangoja.

"Leo nitaona sura yako," Feza akasema. Akatandika reli na kidole mpaka pale, akamutumia treni.

Treni ikamubeba, ikapita Kongolo, ikapita Kibombo, haikusimama hata kwa moja, na filimbi haikuwa tena mu telefone, ilikuwa kule ku bomba ya maji, kisha nyuma ya choo, kisha hapa ukutani, udongo ya ukuta inaanguka kidogo kidogo, harufu ya makala inajaa mpaka machozi inatoka, na mara kimya, na mulango ukagongwa polepole.

"Hodi."

Na Feza, vile alilelewa vizuri, kinywa kikajibu mbele ya akili: "Karibu."

Aliingia na sura ya Feza, na kitenge ya Feza. "Asante, ndoyi," akasema, vile tunaitaka mutu wa jina moja na sisi. Akakaa ku mukeka.

Amissi aliporudi akakuta babibi wawili.

"Mi njo bibi yako," Feza akasema.

"Mi njo bibi yako," ule mwingine akasema, akamupokea muzigo.

Amissi akakimbia kumuita Maalim Moustapha, ule wa musikiti. Maalim akamuuliza chini chini: "Bibi yako njo gani?"

"Sijui, Maalim."

"Haujui?" Feza akalia. "Miaka kumi na mbili, haujui? Charlène ungemujua!"

Maalim akasoma dua mpaka sauti ikakauka. Akamugeukia ule wa mukeka. "Jina yako?"

"Feza."

"Basi, Feza, kwa jina ya Mungu, toka mu hii nyumba!"

Ule wa mukeka hakutikisika. Miguu ya Feza wetu njo ilisimama. Anashika mulango na mikono mbili, anaita "Baba, nishike, ni mi!", na miguu inamuvuta, inashuka njia ya bomba, inaenda tu. Speciose akamukimbilia. Hakukuta mutu, filimbi tu.

Akarudi, akasimama ku dirisha. Ndani, sauti ya mwanamuke ikasema: "Baba, maji ya kuoga iko tayari."

Amissi akavua viatu.

"Asante, Feza," akajibu.

Haya, batoto, mulale sasa. We, Furaha, sogea kwa mwenzako. Taa nitaiacha.