Siri ya Mguu Wangu Ilipita Kwenye Mashine ya Kati

Nina miaka hamsini na mbili, na nilikuwa nikitamba mbele za watu kwamba hakuna jambo duniani la kunishangaza mimi! Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba matenga ya kamba wabichi wa baharini kichwani kutoka Mbuchi, nimekoswakoswa na mamba. Lakini soko huria lilipokuja, nani alikuwa na mafriza, pikapu mbili na kompyuta nyumbani pale Kibiti? Ni mimi!

Basi ndugu wasomaji, yalinikuta...

Kidonda kilianzia unyayoni. Sukari. Nikakificha! Wavuvi wa Mbuchi walinipa kamba kwa kuaminiana, nikishauza ndipo nawalipa. Wakisikia tajiri wao anaoza mguu, nani angenipa tena? Nikaanza kuvaa soksi na viatu, na joto lote lile. "Baba Zuhura, siku hizi umekuwa bwana afya?" walinitania. Nacheka nao, huku moto unapanda hadi gotini.

Simu ilikuwa sebuleni, kila mtu anasikia. Nikaona daktari wangu wa Dar nimwandikie kwa kompyuta. Nikaihamishia chumba cha peke yake, nikavuta waya wa simu mpaka humo, nikapiga kufuli mbili, funguo shingoni. Nikajiona mjanja! Barua zangu ziko ndani, nani atazifikia?

Nilimweleza daktari yote: usaha, harufu, vidole kufa ganzi. Akajibu nisubiri, atashauriana na wenzake kisha ataniandikia. Nikasubiri. Kila nikifungua, barua ni ile ile... subiri. Kesho yake, subiri. Kidole kikawa cheusi... subiri!

Siku moja nikafungua, nikakuta ukurasa si wangu. Jina la mwanamke nisiyemjua, na barua zake za kudai talaka! Nikazima, nikafukiza ubani chumba kizima. Ningejuaje? Nilidhani ni jini.

Kisha nikakutana na Mpili, mshindani wangu wa kamba wa Ikwiriri, ambaye naye kompyuta yake iliunganishwa na kampuni ile ile ya intaneti niliyotumia mimi. Akanishika mkono, akaninong'oneza sikioni, "Pole, mkubwa. Vidole bado vina ganzi?"

Habari ya ganzi nilimwandikia daktari tu. Kila mtu aliyenitazama barabarani nilihisi anaiona nyama yangu ndani ya soksi...

Nikakimbilia simu, nikaipigia kampuni. Kijana akanieleza bila haraka kwamba laini yao ni nyembamba, kwa hiyo wameweka mashine ya kati, wanaiita proksi. Kila ninachofungua kinapita pale, nayo inabaki na nakala ili isiende kuleta upya. Inaelekea ilikuwa ikinipa mimi nakala ya zamani, na yangu ikampa mteja mwingine.

"Kwa hiyo mambo yangu mnayo huko?"

"Kumbukumbu zipo, mzee, ila sisi hatuzisomi."

"Mpili kazisoma!" Nilipayuka, nikasahau niko sebuleni. "Daktari huenda alishanijibu, na mguu unaoza!"

Nikageuka. Mke wangu kasimama mlangoni.

"Baba Zuhura, soksi zako nafua mimi," alisema taratibu. "Harufu ile naijua tangu Ramadhani. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Alinipeleka Dar siku hiyo hiyo. Daktari alifungua kitambaa. Kisha akaniuliza, "Nilikuandikia uje haraka, tena na tena. Mbona ulikaa kimya?" Walinikata chini ya goti.

Na wavuvi wa Mbuchi niliowaogopa? Walikuja kunitazama, wakaniletea mchele na samaki wakavu. Kamba hawakuninyima hata siku moja...

Wewe mwenye kompyuta nyumbani, nakusihi! Kufuli ya mlangoni haizuii kinachopita ndani ya waya. Iulize kampuni yako barua zako zinapitia wapi, na nani anabaki na nakala. Na ukiona kioo cha kompyuta hakibadiliki, usikae kukiamini kama mimi. Piga simu, panda gari, mwambie mkeo!

Mguu ninaovaa leo ni wa bandia, pamoja na mikanda yake. Mimi niliyezoea kupatana bei, pale hospitalini sikupunguziwa hata senti: shilingi laki nne na elfu themanini na tano.