Daftari la Mlangoni

Mlango wa nyumba yetu haukujua kupumzika. Chai haijachemka, tayari mtu anabisha hodi. Baba yangu ni mchungaji wa kanisa dogo la bati nyuma ya soko, na watu wa mtaa ule humjia kwa kila jambo: mtoto amefukuzwa shule, mume amekamatwa, mgonjwa hana wa kumpeleka hospitali. Mama, ambaye ni muuguzi, husema kwa utani kwamba yeye aliolewa na mtaa mzima.

Mama ndiye aliyefunga daftari kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Sheria yake ilikuwa fupi. Baba akiwa hayupo, au akiwa amelala, anayefungua mlango aandike nani amekuja, saa ngapi na anataka nini. Kazi hiyo ilikuwa yangu, maana mtoto nyumbani ni mimi peke yangu. Niliifanya tangu darasa la tatu bila kuruka hata mtu mmoja, mpaka siku nitakayoisimulia.

Sitaki kuwaficha tena lolote, kwa hiyo nasema: nililichukia lile daftari. Mara tatu baba aliahidi kuja shuleni kwetu siku ya wazazi, na mara tatu mtu alibisha hodi. Mara ya kwanza ilikuwa msiba. Mara ya pili aliitwa kituo cha polisi. Mara ya tatu sikuuliza, nilikwenda zangu shule nikalia chooni.

Nilipokuwa darasa la sita nilichaguliwa kughani shairi mbele ya wazazi, Ijumaa saa tatu asubuhi. Baba akaahidi kwa mara ya nne. "Safari hii hata mbingu zikianguka, nitaziruka nije," alisema. Mimi nikacheka, lakini moyoni nikasema tutaona.

Alhamisi alasiri baba alirudi kutoka makaburini akiwa hoi. Alijitupa kitandani na viatu vyake, akalala. Mama alikuwa zamu. Ilipofika saa kumi na moja, nikasikia hodi.

Alikuwa Fundi, mzee aliyekuwa akishona nguo katika safu ya vyumba ishirini vilivyo nyuma ya soko. Watu wote walimwita Fundi. Mimi nilimwita Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sketi yako hii hapa. Nimeshusha pindo, maana unarefuka kama unalipwa." Alinikabidhi sketi yangu ya shule, imepigwa pasi na kufungwa ndani ya gazeti. Kisha uso wake ukabadilika. "Mchungaji yupo?"

"Kuna nini, Babu?"

"Mlinzi wa soko amenidokeza. Kesho saa mbili linakuja tingatinga kubomoa vyumba vyetu. Simu ya baba yako haipatikani. Mwambie aje na ile karatasi ya mahakama. Bila hiyo sisi tutapiga kelele tu, nani atatusikiliza?"

Karatasi ile niliijua. Mwenye vyumba alitaka kuwatoa wapangaji ajenge ghala. Baba na wakili mmoja wa kanisani walikwenda mahakamani, na hakimu akaamuru pasibomolewe kitu mpaka kesi iishe. Kwa kuwa vyumba vile vilivuja, wapangaji walimwomba baba awatunzie amri hiyo. Ilikuwa kwenye sanduku la chuma, chini ya kitanda changu.

Nilitazama mlango wa chumba alicholala baba. Ulikuwa umefungwa. Nikaiona kesho yangu ikienda na ile karatasi, na kiti cha baba shuleni kikiwa kitupu kwa mara ya nne.

"Hayupo, Babu," nikasema. "Akirudi nitamwambia."

"Hutasahau?"

"Sitasahau."

Na kweli sikusahau, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilishika kalamu, nikasimama mbele ya daftari, nikairudisha kalamu mahali pake. Nilijifariji kwamba wapangaji walishatishiwa tingatinga mara nyingi na halikuwahi kuja. Baba alipoamka akauliza kama kuna aliyekuja. Nikamjibu hakuna.

Asubuhi nilivaa ile sketi. Nilimwomba baba asiiwashe simu yake, aliyoizima tangu makaburini, mpaka nimalize shairi, naye akacheka, akaitia mfukoni ikiwa imezimwa. Alikaa benchi la mbele kabisa, magoti yakimfika kidevuni kwa ufupi wa benchi lile. Nilighani bila kukosea neno. Kabla sijamaliza ubeti wa mwisho alikuwa amesimama, anapiga makofi peke yake, na ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwa na furaha kwa muda wa kama dakika kumi.

Kisha akawasha simu. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Alisoma, akanishika mkono. Tukapita nyumbani kuchukua karatasi, tukakimbilia sokoni.

Vumbi tuliliona kabla hatujafika. Vyumba tisa vilikuwa chini. Baba alikwenda moja kwa moja mbele ya tingatinga akiwa ameinua karatasi juu. Dereva akazima injini, akashuka, akaisoma yote.

"Mchungaji, wapangaji waliniambia unakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisubiri nusu saa nzima. Hata mimi nina mkubwa wangu."

Chumba cha Fundi kilikuwa cha kwanza kwenye safu. Yeye alikuwa amekaa juu ya tofali, na mbele yake kulikuwa na cherehani iliyoangukiwa na ukuta, gurudumu limepinda na mkono umekatika. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Ndiye aliyemfundisha kushona.

Mama mmoja muuza mkaa, ambaye naye alikuwa amepoteza chumba, alimwelekezea Fundi kidole.

"Ulituambia umempelekea Mchungaji ujumbe! Tukakaa tunamngoja kama wajinga, hatukutoa hata sufuria! Au kuna kitu umetiwa mfukoni, mzee?"

Baba akauliza kwa upole, "Fundi, ulikuja nyumbani jana?"

Fundi alinitazama. Macho yake yakashuka mpaka kwenye sketi yangu, kwenye pindo aliloshusha kwa mkono wake. Kisha akainamisha kichwa.

"Labda sikufika, Mchungaji. Uzee huu. Pengine niliishia njiani."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasonya. Nami nikaelewa kwamba mzee yule, aliyepoteza chumba na cherehani, alikuwa anatoa na jina lake zuri ili kunisitiri mimi. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Alifika," nikasema. Hawakunisikia. Nikapaza sauti. "Alifika saa kumi na moja! Baba alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyemwambia hayupo. Nilitaka aje shuleni."

Hakuna aliyenigusa. Muuza mkaa aliketi chini, akajifunika uso. Baba alipiga magoti kwenye vifusi mbele ya Fundi. "Nisamehe, mzee wangu."

"Inuka, Mchungaji," Fundi alijibu. "Mtoto alimtaka baba yake." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenichapa.

Vyumba kumi na kimoja viliokolewa. Baadaye mahakama ilimwamuru mwenye vyumba ajenge upya vile tisa, na familia za vyumba hivyo zililala kanisani mpaka vilipokwisha. Fundi hakungoja. Siku ya tatu binti yake alitoka mji mwingine akaja kumchukua. Cherehani ilikuwa haitengenezeki tena.

Jioni ya ile Ijumaa baba aliniketisha karibu na mlango.

"Nimekuahidi mara nyingi nikakuacha," alisema. "Hilo ni kosa langu, nami nitalirekebisha. Lakini la kwako ni la kwako. Ungeniamsha ukaniambia, 'Baba, Fundi amekuja, lakini nami nakutaka kesho,' unajua ningefanya nini? Ningempa wakili karatasi, nikaja kukusikiliza. Yote mawili yangewezekana."

Nikaanza kulia.

"Unapoficha ukweli, mwanangu, unamwamulia mwenzako mambo ambayo si yako kuyaamua. Sema ukweli hata kama unaogopa utakachokikosa. Mwache mwenzako ajue, achague mwenyewe."

Mama, aliyekuwa amesimama jikoni, alikuja akanipa kalamu. Hakuniambia la kufanya. Nililifungua daftari kwenye ukurasa wa Alhamisi. Mstari wa mwisho ulikuwa bado mtupu. Nikaandika:

Saa kumi na moja jioni. Fundi. Anaomba Baba aende kesho na karatasi. Baba yupo.