Kabla Bodi Haijaenda Kiwandani

Nyumba ya Mzee Kahigi pale Kamuli haikosi watu. Ukipita wakati wowote utakuta mmoja anamenya ndizi, mwingine anakunywa chai, na wa tatu anasimulia habari za jirani ambaye hayupo. Shangazi Auleria alikuja kusalimia tu, akasema kesho yake anarudi kwake Nyakatuntu. Wiki ya pili hiyo, bado anasalimia.

Siku hiyo sebule ilijaa. Lakini Deodatha, binti wa Kahigi, alijibanza kwenye kona na kompyuta yake. Hakucheka na mtu.

"Huyu naye ana nini?" Auleria aliuliza. "Tangu asubuhi kanuna kama kanyimwa nyama."

"Mwache," alisema Kahigi. "Leo anatuma ile bodi."

Habari ya bodi kila mtu aliijua. Msimu uliopita mvua ilinyesha ghafla watu wakiwa shambani. Kahawa iliyoanikwa ikalowa, ikaota ukungu. Mnunuzi akaitazama mara moja tu, akaikataa. Deodatha ni fundi wa redio na simu. Baada ya hasara ile akatengeneza kengele ya mvua. Tone la kwanza likianguka juu ya kibati chake, king'ora kinalia, watu wanawahi kufunika kahawa. Aliunda moja kwa mkono, ikafanya kazi vizuri. Kikundi cha wakulima wa kahawa kikataka kila kaya ipate ya kwake.

Kuunda nyingi kwa mkono ni kazi ya miezi. Kwa hiyo Deodatha alichora bodi kwenye kompyuta, ili kiwanda kizitengeneze. Bodi ni kile kibao chembamba kilicho ndani ya redio. Vifaa hukaa juu yake, na njia nyembamba za shaba hupeleka umeme kutoka kifaa hiki hadi kile. Kiwanda kiko nje ya nchi. Wakala wa Dar es Salaam hukusanya oda za watu wengi na kuzituma pamoja. Leo alikuwa anafunga saa kumi na moja jioni. Oda ya baadaye ingefika kahawa ikiwa imekwisha kuvunwa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Baadhi ya wanakikundi walisema wazi kwamba msichana huyu atawapotezea hela. Kahigi, mwenyekiti wao, akasimama. "Bodi zikija mbovu," alisema, "uenyekiti niondoeni." Hakuna aliyeyasahau maneno hayo. Deodatha ndiye ambaye hakuyasahau kabisa.

"Hodi humu!"

Aliingia jirani yao Mackrine, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Alikuwa likizo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Deodatha.

"Marahaba. Umeshatuma?"

"Ndiyo nataka kubonyeza. Kompyuta imeikagua, imesema makosa sifuri."

"Subiri kwanza. Kompyuta inaangalia kama njia zimegusana au zimekatika. Haijui wewe ulikusudia nini. Umeichapa kwenye karatasi?"

"Hapana."

"Basi kaichape, kwa ukubwa uleule wa bodi yenyewe. Tuweke vifaa vyako juu yake tuone kama vinakaa."

Deodatha aliitazama saa ya ukutani. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na chaji ya kompyuta ilikuwa inashuka. Lakini aliweka mchoro kwenye simu, akapanda bodaboda hadi steshenari ya barabarani, yenye jenereta.

Aliporudi, Mackrine alichukua kikalio cha betri na kukiweka juu ya karatasi. Miguu yake ilipitiliza matundu yaliyochorwa.

"Mungu wangu!" Deodatha alishika kichwa. "Nimekosea vipimo vyote!"

"Tulia. Lete rula. Huu mstari uliouchora ukingoni una urefu gani?"

"Sentimita kumi."

Mackrine aliupima. Haukufika kumi.

"Mchoro hauna kosa. Printa imeubana ili uenee kwenye karatasi. Rudi, mwambie wa steshenari achape asilimia mia, asibane kitu."

"Waitu, jamani, muda!" alisema Kahigi. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Deodatha alikwenda tena. Safari hii mstari ulitimia sentimita kumi, na kikalio cha betri kilikaa sawasawa. Akatoboa karatasi kwa sindano na kuingiza chipu, kile kidude cheusi chenye miguu minane. Miguu yote iliingia.

"Umeona?" alisema kwa furaha. "Nitume?"

"Kuingia imeingia. Je, kila mguu umekwenda mahali pake? Chipu ina alama ya kuonyesha mguu wa kwanza. Uko upande gani?"

"Kushoto."

"Na kwenye mchoro wako?"

Deodatha aliinama. Namba moja ilikuwa kulia. Alitazama mara ya pili.

"Lakini ile niliyounda kwa mkono inafanya kazi," alisema polepole. "Nimeinakili hiyohiyo."

"Ulipokuwa unainakili, uliishikaje?"

Deodatha aliichukua kengele yake ya kwanza, akaigeuza, tumbo juu, upande wa kuchomelea. Ndivyo mafundi wote wa redio wanavyoshika bodi. Hapo hapo akaelewa mwenyewe.

"Niliitazama kwa chini," alisema. "Na kompyuta inaionyesha kwa juu."

"Kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia. Chanya ya betri ingeingia kwenye mguu wa hasi. Ukiwasha tu, chipu inaungua. Kwenye kila bodi."

Kahigi alikaa kwenye stuli, kofia magotini.

"Sasa si mtaigeuza tu?" Auleria alidakia. "Ikae kwa chini kama popo!"

Watu walicheka. Mackrine hakucheka.

"Shangazi hajasema vibaya. Fundi anaweza kuichomelea upande wa chini. Lakini boksi la Deodatha linabana, huko chini hakuna nafasi. Dawa ni kurekebisha mchoro."

Deodatha alianza kazi. Aliigeuza chipu, akafuta njia zote zilizoigusa, akachora upya. Njia mbili zikakatana. Akafuta. Akachora tena. Kompyuta ikatoa onyo kwamba chaji inakwisha.

"Zimeni redio," alisema Kahigi. "Na wewe Auleria, hiyo habari ya mchungaji utaimalizia baadaye."

"Aa! Nimefika patamu!" alisema Auleria, lakini alinyamaza.

Deodatha alipomaliza, Mackrine alimpa Auleria karatasi yenye maelezo ya chipu.

"Shangazi, soma mguu mmoja mmoja kwa sauti. Deodatha aonyeshe unakokwenda. Macho ya aliyechora huona anachotaka kukiona."

"Mguu wa kwanza, hasi!" Auleria alisoma kama yuko kanisani.

"Upo. Unakwenda kwenye hasi ya betri."

"Wa pili, kuamsha!"

"Upo."

Wakafika wa nane, chanya. Ulikuwa mahali pake. Deodatha akaiagiza kompyuta ikague tena, makosa sifuri. Kidole chake kikasogea kwenye kitufe cha kutuma.

"Kabla hujatuma," alisema Mackrine, "fungua hilo faili unalolituma. Si mchoro wako. Lenyewe, lile litakalofika kiwandani."

Deodatha alilifungua. Namba moja ilikuwa bado kulia.

Lilikuwa faili alilolitengeneza asubuhi, kabla ya kurekebisha mchoro. Kosa lingekwenda kiwandani lilivyo, baada ya jasho lote lile. Alilifuta, akatengeneza jipya, akalifungua. Namba moja, kushoto. Matundu yapo. Mstari wa kukatia bodi upo, umezunguka pande zote. Akatuma. Kidogo wakala akajibu: imepokelewa, nafunga. Baada ya hapo kioo cha kompyuta kikazima.

Bodi zilifika wakati kahawa inaanza kuiva. Deodatha hakuchomelea zote kwa pupa. Alikamilisha moja kwanza, akadondoshea maji kwenye kibati, king'ora kikalia. Ndipo akaendelea na nyingine.

Jumapili moja, watu wakiwa wameizunguka sufuria ya ebitoke, ndizi za kupika, kengele ya uani ilipiga kelele. Nje jua lilikuwa bado linawaka.

"Inadanganya hiyo!" alisema Auleria.

Lakini Kahigi alikuwa ameshatoka mbio. Wageni wote wakamfuata, wengine na tonge mkononi. Walivuta turubai juu ya kahawa iliyoanikwa, wakabana kingo kwa mawe. Mvua ikamwagika kama imefunguliwa bomba. Kutoka kwa majirani, huku na kule, ving'ora vingine vilisikika vikilia.

Mvua ilipokatika, Kahigi alipitisha mkono chini ya turubai. Akachota kahawa, akaisugua viganjani, akamwonyesha binti yake.

"Kavu," alisema.