Bakuli la Fundi Redio

Jamani, nisikilizeni. Mtaani kwetu yupo fundi redio, mcheshi, anaishi na mkewe, watoto na mama yake mzee. Jioni vicheko vyao tulivisikia hadi barabarani. Tatizo lilianza wakishamaliza kula. Fundi alichukua bakuli la bati, akaja kugonga: "Jirani, mchango."

Alipopata mtoto tulichanga kwa moyo mmoja. Ukafuata mchango wa kochi, kisha wa jino la kwanza la mtoto. Ndiyo, jino. Mwenzake akiwa na shida, fundi haonekani, mlango wake umefungwa. Mwishowe likisikika bakuli, watoto wetu hufunga milango bila kutumwa.

Siku moja upepo ukaezua chumba cha mama yake, na wingu la mvua limetanda. Fundi akatembeza bakuli, milango yote imefungwa. Seremala, mwenye ngazi na misumari, alijibu dirishani, "Juzi jino, leo paa. Kesho utachangisha upepo?"

Akarudi mikono mitupu. Mama yake alikuwa kitandani chini ya turubai, anakohoa. Mke akalichukua lile bakuli, akaliweka juu ya kabati.

"Baba watoto, lini uliwahi kutia chochote kwenye bakuli la mwenzio?"

Aibu ilimshika fundi kwelikweli. Akachukua bisibisi, akarudi kwa seremala.

"Nimekuja kuitengeneza ile redio yako iliyonyamaza."

"Na bakuli?"

"Liko kwa mama watoto. Nilipaswa kuja siku nyingi, ndugu yangu."

Redio ikaimba. Fundi akaingia nyumba iliyofuata, na nyingine, hata maji hakuomba. Mvua ilipoanza kudondoka, seremala alikuwa juu anapigilia mabati, mimi nimeshika ngazi, na redio za mtaa mzima zinashindana kelele. Mama yake fundi akachungulia kutoka kwenye turubai.

"Leo paa langu lina watu wengi kuliko mabati," akasema, akacheka hadi akakohoa tena.

Baadaye binti wa seremala alijifungua, bakuli likapita. Watoto wa fundi wakakimbilia kufunga mlango, mazoea yana tabu. Baba yao akaufungua, akawa wa kwanza kutia.

FUNZO

Ndugu zangu, mchango ni zamu: leo kwangu, kesho kwako. Anayepokea tu huyo hachangi, anaomba. Na usiseme huna kitu, hata bisibisi inachanga. Kutoa ni moyo, si utajiri.