Shati la Bluu la Israël

Kwenye mteremko wa kivuko cha Kindu, katikati ya baiskeli zilizosheheni mihogo, gari kuukuu la Adolphine lilinguruma bila kusogea. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichopigwa pasi vizuri. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Mama, acha kukanyaga mafuta!" Mwanamume mwenye mvi aliinama dirishani. "Vuta breki ya mukono. Weka vitesi ya ine. Sasa achilia ambreyaje polepole."

Adolphine akaingiza gia ya nne, akainua mguu wa kushoto kutoka kwenye klachi. Injini, ambayo ilipaswa kuzimika, iliendelea kunguruma.

"Umeona? Haishiki tena. Diski ya ambreyaje njo imekwisha."

Aliijua sauti ile. Akageuka. Ni Israël, mchumba wake, aliyevuka mto huu wakati wa vita kwenda kutengeneza lori ng'ambo, mapigano yakamfungia njia ya kurudi.

"Adolphine?"

"Walisema ulikufa Lokandu."

"Kule Punia waliniambia umeolewa na mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Sikuuliza."

"Ukaamini tu. Wewe, usiyesema injini ni mbovu kabla ya kuifungua."

Israël akafuta mikono yake, ingawa ilikuwa safi. Adolphine alisubiri machozi. Hayakuja. Alitazama kivuko kikiondoka bila yeye.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake Victorine, aliyezoea kumwita dada yake yaya.

"Yaya, uko wapi?"

"Kivukoni. Gari limekufa."

"Fundi iko?"

"Iko. Ni Israël."

"Israël gani?"

"Yule tuliyemlilia."

Yowe likapasuka simuni. Adolphine akakata simu.

"Sikuolewa," alimwambia Israël. "Mwili hatukuupata, tukazika shati lako la bluu. Nililia siku ile mpaka nikamaliza."

"Unanipenda bado?"

"Sijui. Sisikii kitu. Wala hasira."

"Nikuoe hivyo hivyo, mupenzi."

Adolphine alichomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa Israël.

"Tengeneza gari. Halafu kesho asubuhi kuja na jembe. Mama hatakubali muntu aliyeliliwa aingie nyumbani kabla hajafukua mwenyewe kile tulichozika."

"Shati litakuwa limeoza."

"Utafukua udongo, basi."

"Na wewe, utakuwa wapi?"

Adolphine alikunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua.

"Kando yako. Nitashika maji ya kukunawisha udongo, ndipo tuingie kwa Mama."