Anayepumua Nyuma ya Siok-hun

Povu lilikuwa limeshajaa kichwani mwa Mama Liau, na Siok-hun alikuwa akilikanda kwa vidole saluni mwake kama siku zote, aliposikia mtu akipumua nyuma ya sikio lake. Pumzi fupi fupi. Akageuka, akaona ukuta na kalenda.

"Kuna mtu ameingia?"

"Aingie nani? Mwezi wa saba huu, watu wanajichunga," alijibu Mama Liau, macho kayafumba. "Hebu nikune hapo juu, panawasha."

Ikaja harufu ya karatasi zilizoungua. Huo ndio mwezi milango ya kuzimu hufunguka na wafu kutoka, na mtaa mzima ulikuwa ukiwachomea pesa zao za karatasi, kwa hiyo si ajabu, ila hii ilitoka kooni mwake mwenyewe. Vidole vikafa ganzi ndani ya povu, moyo ukaanza kumtwanga, na ile pumzi ikamwingia kifuani ikawa inapumua kwa mapafu yake. Siok-hun aliamini anakufa. Alimwacha mteja vilevile, akatimua mbio hadi nyumbani, na alipofunga mlango, kitu kile kikanyamaza. Hapo ndipo kilipomnasa.

"Umefuatwa na ndugu mwema," mama yake alinong'ona, maana mwezi huo mizimu haitajwi kwa jina lake. "Usipite karibu na maji. Ukiitwa kwa nyuma, usigeuke. Unanisikia, mwanangu?"

Siok-hun aliyashika yote. Mwezi ukaisha, milango ya kuzimu ikafungwa, majirani wakarudi kwenye harusi na safari zao, yeye akaendelea na mwezi wake peke yake. Hakuna aliyemwambia aache. Kitu kile kikala soko: kilimpumulia kwa wauza samaki, akakimbia, asirudi tena. Kikala daraja. Kikala basi, kikala saluni aliyoifungua kwa jasho lake, kikala ngazi, kikala baraza, hata ikabaki nyumba, na ndani ya nyumba chumba kimoja, na adhuhuri moja, jua likiwaka dirishani, akakisikia upande wa pili wa mlango kikipumua taratibu kama mtu aliyeshiba, na kishikio cha mlango kikashuka kidogo.

Mama yake alikuwa akipeleka blauzi ya Siok-hun hekaluni kwa Bibi Khim, mkusanya hofu, mganga wa walioshtuka, aliyeizungushia kikombe cha mchele na kuifukizia udi. Safari hii Bibi Khim alikuja mwenyewe.

"Hofu nimeshaikusanya. Mchele umetulia tuli," alisema. "Kilichobaki si kazi yangu. Mpeleke hospitali."

"Bibi, mwanangu si mwehu."

"Nani kasema mwehu? Mimi naishi hekaluni, na vidonge vya presha nameza kila asubuhi."

Hospitalini, Daktari Tsai, mwanamke mwenye sauti ya mkwaruzo, aliuliza habari za usingizi, za miezi ile Siok-hun alipomuuguza baba yake mpaka akafa, na za nyanya yake, ambaye naye alikuwa haogopi kitu ila kutoka nje.

"Mwilini mwako mna mlinzi," alisema. "Anapiga yowe na mwizi hayupo. Ni ugonjwa, na unatibika. Vidonge vitamtuliza polepole. Ila kila ukikimbia, unamthibitishia kwamba mwizi alikuwepo. Tutarudi huko kote, padogo kwanza, na hutakimbia."

"Na nikifia huko?"

"Hutakufa. Utaona kama unakufa, kisha itapita."

Siok-hun akashusha sauti. "Na kama ni ndugu mwema kweli?"

Daktari aliinua mabega. "Dawa ni ileile."

Akaanza na baraza. Akaenda ngazini, akasimama darajani akitetemeka mpaka mtetemeko ukamwisha. Sokoni alilia mbele ya kambare, na hakuondoka. Wiki zikapita, ndipo akafungua tena saluni.

"Leo usiniache na povu," alisema Mama Liau, akiketi.

Kilikuja kabla hata hajamaliza kumlowesha. Ile harufu kooni, ganzi vidoleni, kifua kikibanwa, na pumzi ikamjia sikioni kwa hasira ya mwenye nyumba aliyekuta mtu kitandani mwake, ikapanda, ikapanda tena, kioo kikafanya ukungu mahali ambapo hapakuwa na uso, na miguu yote miwili ikamsihi akimbie, nyumbani si mbali, mlango uko wazi.

Siok-hun aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akabaki.

"Pumua," alikiambia kwa sauti ya chini. "Pumua mpaka uchoke. Mimi nina kichwa cha mtu mikononi."

"Unaongea na nani, we Hun?"

"Na mteja asiye na adabu."

Kikapumua. Akakanda. Ukungu ukaanza kukauka pembeni, damu ikarudi vidoleni. Kisha kiti kitupu cha dirishani kililia, na mto wake ukabonyea, kama mtu amekalia.

Siok-hun alikitazama, moyo bado unamdunda.

"Kaa basi," alisema. "Ila hapa ni kwangu."

Akafungua maji, akaanza kusuuza.