Nionjee, Terrence

"Huyu kuku amekufa kwa uzee," alisema Ilona Varga, akimgeuza kwa kidole kimoja juu ya barafu. "Hebu tazama hayo magoti. Huyu alikuwa bibi wa watu."

Muuza nyama akaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na soko la Cleveland lilikuwa limejaa hadi watu wanapitana kwa ubavu, harufu ya soseji za moshi ikipigana na ya makoti yaliyolowa theluji.

"Huyo ni wa supu, dada," ilisema sauti kutoka chini ya meza. "Wa kukaanga wamefichwa nyuma."

"We Terrence!" muuza nyama akafoka. "Nimekuita unitengenezee friji au unifilisi?"

Mwenye sauti akatoka kwa magoti, tochi mkononi. Alikuwa mwanamume mrefu, mweusi, ovaroli ya buluu imechafuka grisi, ndevu zimeanza kuingia mvi, tabasamu limekaa upande mmoja tu wa mdomo. Alimkuta Ilona amesimama ndani ya koti la kijani lililombana kiunoni, kofia nyekundu ya sufu imelala upande, amemkodolea macho.

"Umejuaje nataka wa kukaanga?"

"Mtu anayekagua magoti ya kuku hataki supu."

"Wewe ni mpishi?"

"Nilikuwa. Miaka mingi, hoteli kubwa za hapa mjini."

"Ukaacha kupika?"

"Kupika ndiko kulikoniacha mimi."

Ilona akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Lakini alipoondoka sokoni alikuwa na kuku mzuri kapuni, na Terrence Odom alikuwa na namba yake ya simu.

Wakaanza kupigiana. Mchana Ilona alikuwa mapokezi kwa daktari wa meno. Jioni, simu ameibana begani, alikuwa mbele ya jiko la nyumba aliyoishi na baba yake.

"Umekula nini leo?" angeuliza.

"Mkate na jibini."

"Hicho si chakula, Terrence. Hiyo ni adhabu. Umemkosea nani?"

Na maoni yake hayakwisha. Kidari cha kuku kiliumbwa kwa ajili ya wagonjwa. Anayesema kitunguu kinaiva kwa dakika tano ni mwongo, hata asipewe funguo za nyumba. Hoteli yenye taa hafifu ina kitu inaficha, na yenye menyu ya kurasa nyingi ina friza kubwa kuliko jiko. Na yule mhudumu anayekuja kuuliza chakula kikoje wakati mdomo umejaa hataki jibu, anataka utikise kichwa.

"Na mimi nikija kula kwako utaniuliza kikoje?"

"Wewe? Wewe nitakuuliza mpaka ukimbie."

Alikwenda Jumapili, shati jeupe limepigwa pasi, maua mkononi. Mzee Bela Varga, aliyekuwa mfua chuma enzi za ujana wake, alimpokea mlangoni akiwa na suruali ya mikanda ya mabegani, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kaa. Hapa mtu hasifiwi kwa maua, anasifiwa kwa sahani tupu." Ilona alipakua kuku wa paprika, ile pilipili tamu ya unga, mchuzi mwekundu uliolainishwa kwa krimu chachu, na vitonge vya unga alivyovikata kwa mkono kama alivyofundishwa na mama yake, marehemu Margit.

Hapo ndipo uongo ulipoanza. Miaka michache kabla ya hapo Terrence aliugua homa, akalala kitandani siku nyingi, na alipoinuka pua yake ilikuwa imekufa. Ulimi ulijua chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Vingine vyote vilikuwa karatasi mbichi mdomoni. Alijificha jikoni kwa muda, akipika kwa kumbukumbu, mpaka siku alipopeleka mezani samaki aliyevunda bila kujua. Aliondoka kabla hajafukuzwa. Hakumwambia mtu sababu.

"Eeh?" Ilona aliuliza, mikono kiunoni. "Mpishi wa hoteli kubwa, sema."

Terrence alitafuna. Kulikuwa na chumvi, na kulikuwa na moto. Akatupa jicho mezani: kisu chenye utando wa vitunguu, nusu ya limau iliyokamuliwa.

"Kitunguu umekikaanga polepole sana," alisema. "Na limau umeitia mwishoni, moto ukiwa umezimwa."

Ilona akaweka kijiko chini. Tangu mama yake afe hakuna mtu aliyewahi kukiona chakula chake namna hiyo. Macho yalimjaa maji, akageukia sinki kuosha kitu kilichokuwa safi. Terrence aliuona mgongo ule ukitetemeka, na akajua ameshachelewa kusema ukweli.

Wakapendana kweli. Terrence alimwita Ilona "laazizi", yeye akamwita "mla mkate". Lakini kila Jumapili ilikuja na sahani, na kila sahani ilitaka uongo mpya. Terrence akaanza kuikwepa.

"Leo usipike, mpenzi. Twende tukale nje."

Wakaenda mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Ilona alivaa gauni jeusi na hereni za mama yake, akaonja supu, akaweka kijiko pembeni.

"Hii imetoka kwenye kopo."

"Punguza sauti, laazizi."

"Kopo lenyewe lingeona haya. Nyama yako?"

"Nzuri."

Akachovya uma kwenye sahani ya Terrence, akatafuna, akamtazama. "Terrence, hiki ni kiatu. Tena cha mtu mwenye fangasi. Wewe mpishi mzima unasema nzuri?"

"Nina njaa tu."

Walipofika kwenye gari Ilona akamgeukia. "Umekichoka chakula changu?"

"Nimechoka kukuona umesimama."

"Mimi nikisimama jikoni ndipo ninapopumzika. Kama umenichoka, sema."

"Sijakuchoka, Ilona. Wallahi sijakuchoka." Na hilo lilikuwa kweli, lakini lilisikika kama vile mengine yote.

Kila mwaka, majira ya kuchipua, wanawake wa parokia ya Ilona waliandaa chakula cha kuwakumbuka marehemu. Upishi wa sufuria kubwa ulikuwa wa Margit mpaka alipokufa. Mwaka ule Mzee Bela aliomba kazi hiyo apewe bintiye, na mwenyekiti wao, Bi Etelka, mama mfupi mwenye pini ya lulu kwenye kola, alikubali kwa shingo upande. "Tutaona," alisema.

Ilona hakulala vizuri wiki nzima. Asubuhi ya siku yenyewe aliamka na mafua, pua imeziba kabisa, macho mekundu. Hakurudi nyuma. Terrence alimsaidia kubeba, kumenya, kukoroga. Mafuta ya nguruwe yalitoka kwenye ndoo ya stoo ya kanisa, na hakuna aliyejua yamekaa humo tangu lini.

"Nionjee, Terrence." Alimsogezea mwiko. "Mimi leo sinusi kitu, ni kama nina pamba puani."

Mwiko ulikuwa unatoa mvuke kati yao. Wanawake watatu walikuwa mlangoni penye upepo wakikata mkate, masikio yamesimama. Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale pale.

"Iko sawa?"

Akaonja. Chumvi ilikuwepo. Moto ulikuwepo. "Iko sawa kabisa, mpenzi. Mama yako angejivunia."

Ukumbi ulijaa. Sala ikasomwa, majina yakatajwa, la Margit Varga likiwemo, sahani zikapita. Ilona alisimama mlangoni na aproni yake safi, akisubiri ile sauti ya vijiko anayoijua. Vijiko vikaanza, vikapungua, vikanyamaza. Mtu mmoja akafunika sahani yake kwa kitambaa. Mwingine akaomba maji.

Bi Etelka akaja taratibu, akamshika mkono. "Mwanangu, haya mafuta umeyatoa wapi? Yamechacha. Chakula chote kinanuka."

Meza ya mbele, Mzee Bela peke yake alikuwa anakula. Alikula kwa utulivu mpaka akaipangusa sahani kwa mkate, akainua kichwa, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kitamu, binti yangu." Hapo ndipo Ilona alipojua aibu yake ina ukubwa gani.

Alimkuta Terrence jikoni.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ukanyamaza."

"Ilona, nisikilize..."

"Uliona nina mafua, ukaogopa kunichosha? Au ulitaka tumalize haraka turudi nyumbani? Hata mbwa angekijua kile chakula! Na wewe umewahi kulipwa kwa ulimi wako!" Sauti ilikwaruza kwa mafua. "Siku ya mama yangu, Terrence. Jina lake ndio kwanza limesomwa."

Wale wanawake walikuwa wamesimama mlangoni. Terrence aliwatazama, akatazama sakafu. Aibu ya zamani ilimrudia ileile.

"Nisamehe," alisema.

"Toka."

Terrence alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga siku nyingi. Bi Etelka alimwambia Ilona, bila kumtazama, kwamba mwaka ujao sufuria itakuwa ya mtu mwingine.

Maua ya bustani yalipoanza kufunguka, Ilona alimpelekea koti lake alilolisahau, akiwa ameazimia kulikabidhi mlangoni na kugeuka. Terrence alifungua akiwa na fulana tu, amekonda. Nyuma yake Ilona aliliona jiko: hakuna kitunguu, hakuna mafuta, hakuna hata sufuria ya kueleweka. Mezani palikuwa na boksi la biskuti za chumvi na bakuli la uji uliopoa.

"Ndivyo unavyoishi?" Alisahau hasira. "Mpishi gani huyu hana kitunguu?"

Terrence akamwambia. Alisema yote akiwa amesimama, akitazama dirisha: homa, samaki, yule mwiko. Ilona akakaa polepole kwenye kiti.

"Kwa hiyo kile cha kanisani hukukijua."

"Sikukijua."

"Na kile cha Jumapili ya kwanza? Kitunguu? Limau?"

"Limau niliiona mezani."

Ilona alilia sana, na Terrence alidhani analia kwa huruma. Hakuwa anamlilia yeye. Alikuwa analilia chakula cha Jumapili zote zile.

"Kuku wangu alikuwa na ladha gani kwako? Sema kweli."

"Alikuwa wa moto," Terrence alisema. "Na alikuwa na chumvi ya kutosha."

Walirudiana, kwani walipendana na majira ya joto yalikuwa mazuri. Ilona alijitahidi kama hajawahi kujitahidi. Alimpikia vya kuuma ulimi na kulia menoni: matango ya siki yaliyotoka kwenye barafu, ngozi ya kuku iliyokauka mpaka inavunjika, pilipili kali za kumtoa machozi. Terrence alicheka, akala, akashukuru. Lakini sasa Ilona aliutazama uso wake kila tonge, na Terrence alijua anatazamwa. Akitabasamu, Ilona aliuliza, "Hilo ni la kweli?" Asipotabasamu, aliinuka kwenda kurekebisha. Meza ikawa kama chumba cha mahojiano.

Majani yalipoanza kudondoka Terrence alimwomba wakae barazani. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Akatoa pete.

"Nataka nikuoe, Ilona. Nakupenda."

Ilona aliitazama pete bila kuigusa.

"Uliniambia chakula changu ni kitamu kwa macho hayo hayo," alisema. "Sauti hiyo hiyo."

"Mchuzi ni mchuzi tu, mpenzi. Hapa tunazungumza maisha."

"Kwako ni mchuzi tu."

"Baba yako alikula sahani nzima akasema kitamu. Yeye mbona humlaumu?"

"Baba alijua anachokula. Alikula uozo anaujua, kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa hujui hata kama ni kizuri." Machozi yalikuwa yanashuka ila sauti haikutikisika. "Sasa unaniambia unanipenda. Mimi nitajuaje lini unaonja na lini unakisia?"

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Terrence hakutunga jibu. Alirudisha pete mfukoni, akashuka ngazi.

Akahamia Toledo, kwenye kiwanda cha friji. Jumapili moja theluji ikiwa imefunika ngazi, simu ya Ilona ikalia kando ya jiko. Akaipokea kabla hajajizuia.

"Unapika nini?"

"Kitunguu tu. Ndio kwanza kimeingia."

"Kinanukaje?"

"Terrence..."

"Niambie tu. Sitaki kingine."

Ilona akainamia sufuria. "Kwanza kinachoma, kama mtu aliyekasirika. Sasa kinalegea. Kuna utamu unaingia, kama mkate ulioachwa karibu na moto." Akatia paprika. "Sasa ni vumbi la barabarani, mvua ndio inaanza kudondoka." Upande wa pili alisikia pumzi tu.

"Asante," alisema Terrence, akakata.

Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Ilona alianza kufikiria Jumapili tangu Ijumaa, akichagua vyakula kwa harufu zake. Mzee Bela alilalamika kwamba kila kitu kimejaa viungo. Siku moja ya mwezi wa tatu simu ilipolia, Ilona alizima jiko kwanza.

"Usinipigie tena."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila nimeanza kumpikia mtu asiyekuja mezani."

Terrence akasema, taratibu, "Na nikija?"

Ilona aliitazama sufuria, mvuke unazidi kupungua juu yake.

"Ukija utasema kitamu."

Terrence hakucheka. Ilona, simu imebanwa sikioni, aliomba kwa moyo wake wote asikie kitu kingine.

"Ndiyo," alisema Terrence. "Nitasema."

"Basi kaa huko, mpenzi."

Jumapili iliyofuata Mzee Bela aliketi mezani, akachomeka kitambaa shingoni, akatazama kando ya jiko.

"Simu yako imeharibika?"

"Haijaharibika, Baba. Kula, kinapoa."